Mwanza ya 1995 kwenye mswada: uchambuzi wa kisa cha riwaya moja

Usuli

Mwandishi wa kisa hiki ni mwanamke aliyezaliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, akakulia Mwanza, akawa mwalimu. Akiwa mtu mzima aliamua kuandika riwaya juu ya mji wake jinsi ulivyokuwa yeye akiwa sekondari. Mimi nilikuwa mhariri wake tangu mswada wa kwanza hadi kitabu kilipotoka. Ameridhia kisa kiandikwe, kwa masharti kwamba jina lake, la kitabu na la mchapishaji yasitajwe. Mambo ya familia yake nimeyageuza kiasi cha kutosha ili wenyewe wasitambulike. Matatizo ya uandishi sikuyagusa.

Hadithi yenyewe kwa ufupi: binti wa kidato cha nne anaishi Igogo. Baba yake ni fundi karakana ya bandarini, mama yake anauza mitumba Mlango Mmoja. Mama mdogo anakuja kutoka Bukoba akiwa mgonjwa na kulazwa chumba cha wasichana. Binti ana mvulana anayeandikiana naye barua, ambaye familia yake imehamia Bukoba. Hadithi inaanza katikati ya 1995, inapitia uchaguzi mkuu wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urudishwe, na kuishia siku chache baada ya meli ya MV Bukoba kuzama.

Riwaya ya zamani ya karibu ina ugumu wake wa pekee. Anayeandika juu ya Vita vya Majimaji akikosea bei ya chumvi, hakuna atakayempigia kelele. Anayeandika juu ya 1995 anaandika mbele ya mashahidi. Wapo, wana miaka hamsini na kitu, kila mmoja ana 1995 yake, na wengi wao wana muda wa kubishana.

Mswada wa kwanza ulivyokuwa

Ulikuwa mnene, na vitu vilijaa hadi mlangoni. Kwenye ukurasa mmoja tu kulikuwa na koroboi, redio ya betri, betri zilizoanikwa juani ili zipate nguvu tena, kaseti inayozungushwa kwa kalamu ya Bic, sanduku la bati lenye kufuli, pasi ya mkaa na ndoo ya maji yaliyosubiriwa bombani tangu alfajiri. Binti alikuwa amekaa katikati ya vitu hivyo bila kufanya lolote.

Nilimwuliza mwandishi yule binti anataka nini kwenye ukurasa ule. Alijibu kwamba anataka kusikiliza salamu za Redio Tanzania, maana amemtumia mtu kadi. Hilo halikuwemo. Vitu vyote vilikuwemo, ila hamu ya binti ilikuwa imebaki kichwani mwa mwandishi.

Hakuna mtu anayeitazama koroboi ya nyumbani kwao. Msichana wa 1995 anaitumia, kisha asubuhi anajitoa masizi puani kabla ya kwenda shule ili wenzake wasimcheke. Mwandishi aliposimulia habari hiyo ya masizi kwa mdomo, nilimwomba aiandike vilevile alivyoisema. Maelezo marefu ya koroboi yakafutwa, masizi yakabaki, na mwanga wa chumba kile ukaonekana wenyewe.

Tukakubaliana kanuni moja ya kazi: kitu kinabaki kwenye ukurasa ikiwa kuna mtu anakitumia kupata anachokitaka, au kinamzuia kukipata. Kaseti na pasi zikatoka. Betri zikabaki, na zikapanda cheo. Baba anazificha ili zisiishe kabla ya matokeo ya uchaguzi. Binti anaziiba ili asikie salamu. Sura nzima ikazaliwa hapo, yenye wizi, uongo na kofi. Nadhani ndiyo sura bora ya kitabu.

Kalenda

Tatizo la pili lilikuwa kubwa zaidi, na mwandishi hakuliona kabisa kwa sababu kumbukumbu yake ilimwambia kila kitu kiko sawa. Kwenye mswada, mambo ya miaka mitatu yalitokea ndani ya kiangazi kimoja. Wakimbizi wa Rwanda, mgawo wa umeme, kampeni, uchaguzi na meli vilifuatana kama vituo vya daladala.

Tulichora kalenda kwenye karatasi kubwa, mwezi kwa mwezi, pamoja na siku za juma. Wakimbizi wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa takriban siku moja, mwishoni mwa Aprili 1994. Ni wakati huohuo maiti zilipokuwa zikishuka na Mto Kagera hadi ziwani, na watu wengi wa kanda ile wakasusa samaki. Kwenye mswada, binti anakataa sato wiki ya uchaguzi. Uchaguzi ulikuwa Jumapili, tarehe 29 Oktoba 1995, mwaka mmoja na nusu baadaye. Mwandishi aliamua kutoipoteza habari ya samaki: akampa bibi wa nyumba ile, ambaye hakurudi kula samaki hata wengine waliporudi, na kila mlo anapikiwa maharage yake pembeni. Hakuna anayeeleza sababu hadi kitabu kikaribie nusu.

Kosa jingine lilitufundisha zaidi. Sura ya kumi na moja ilimwonyesha baba akipanga foleni ya kura mara mbili, kwa sababu uchaguzi ulivurugika ukarudiwa. Uchaguzi ulirudiwa kweli, tarehe 19 Novemba, lakini kwa majimbo ya Dar es Salaam. Mwanza haukurudiwa. Mwandishi alikuwa anakumbuka kwa yakini foleni ya pili, mpaka vumbi lake. Alipomuuliza dada yake mkubwa, ikabainika kwamba foleni ile ni ya dada, aliyekuwa akiishi Temeke wakati ule, na ambaye ameisimulia kila Krismasi tangu hapo. Kumbukumbu ya mtu mwingine ilikuwa imehamia kwake na samani zake zote.

Baada ya hapo mwandishi hakuamini tena yakini yake, na akaanza kutafuta karatasi. Alipitia magazeti ya miaka ile maktabani, yakamsaidia kwa tarehe na bei. Kilichomsaidia kuliko magazeti ni kaunta buku yake ya kidato cha nne, iliyokuwa kwenye sanduku nyumbani kwa mama yake. Nyuma ya daftari la Jiografia alikuwa akiandika mambo yake. Jumapili ile ya uchaguzi, siku ambayo vitabu vya historia vinaiandikia sura, yeye aliandika mistari michache ya hasira: mdogo wake amevaa viatu vyake vya shule kwenda kanisani na kurudi na soli iliyobanduka. Neno juu ya kura halipo.

Alitaka kulificha hilo kwa aibu. Mimi nililichukua kama zawadi, na tukalijadili kwa muda mrefu. Mwishowe viatu viliingia kitabuni na kura ikawa nyuma yake, sauti za watu wakubwa barazani.

Binti aliyehudhuria semina

Kwa tatizo la tatu, mfano ni mazungumzo yetu wenyewe. Kwenye mswada, mama mdogo anaumwa ukimwi, na binti wa miaka kumi na saba anawaambia wakubwa kwamba mgonjwa asinyanyapaliwe, apewe ushauri nasaha, na kwamba mtu anaweza kuishi na virusi kwa matumaini.

"Mwalimu," nilimwambia, "huyu binti anaongea kama mtu aliyehudhuria semina."

Akacheka. "Ni mimi huyo, kaka. Nimehudhuria nyingi tu."

Wagonjwa wa kwanza nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na watu wa kule waliuita ugonjwa Juliana kabla haujapata jina rasmi. Kufika 1995 kila nyumba ya Kanda ya Ziwa ilikuwa imezika. Lakini dawa za mchanganyiko zilizobadilisha hali duniani zilitangazwa kwenye mkutano wa kimataifa wa ukimwi huko Vancouver, Canada, Julai 1996, miezi miwili baada ya hadithi yetu kwisha, na hospitali za umma za Tanzania zilianza kuzitoa bure mwaka 2004. Mwaka 1995 hakukuwa na matumaini ya kumwambia mtu. Kulikuwa na kusema ni TB, ni malaria isiyosikia dawa, amerogwa na mke mwenza.

Mwandishi alijua yote hayo. Shida ilikuwa kwamba alijua pia alichokifanya yeye mwenyewe akiwa na umri ule, na binti wa kitabuni alikuwa anakirekebisha. Kikombe alichonywea mgonjwa kilikuwa cha bluu, cha bati, chenye alama ya kubanduka rangi pale kwenye mshikio. Binti wa kweli aliiweka alama hiyo akilini ili asikinywee kamwe. Usiku alilala na kanga puani.

Uamuzi wa kukirudisha kikombe ulikuwa wa mwandishi. Mimi nilisema tu kwamba semina haiwezi kubaki. Aliandika upya sura tatu. Binti mpya ni mwoga, anaosha mikono hadi inachubuka, na anampenda mama yake mdogo. Msomaji hapewi mtu wa kumwambia nani ana kosa.

Ilibaki familia. Mgonjwa wa kweli aliacha watoto wawili, sasa watu wazima, na ukoo haujawahi kutamka ugonjwa ule mbele yao. Tuligeuza uhusiano, mtaa, umri na kazi ya marehemu, na mwandishi akaenda kuwasomea sura zile kabla hazijapelekwa kwa mchapishaji. Mmoja alisikiliza hadi mwisho akasema ziachwe. Wa pili aliomba kitu kimoja kitolewe, maneno yaliyosemwa msibani wakati wa kugawa nguo. Yakatolewa. Yalikuwa maneno makali na mazuri kwa kitabu, nami niliyalilia, lakini sikuona hoja ya kuyashindania.

"Kwa nini hakupiga simu?"

Mswada wa pili tuliwapa wasomaji wa aina mbili: watu wazima waliokuwa Mwanza miaka ile, na vijana waliozaliwa baada ya 2000.

Wazee walisahihisha vitu. Waliondoa bodaboda, ambayo pikipiki zake zilikuja miaka mingi baadaye. Walimnasa baba akisema "changamoto" na "wadau" kama mkurugenzi wa leo. Walitukumbusha kwamba basi la kwenda Dar es Salaam mara nyingi lilizungukia Sirari na Nairobi, na abiria akahitaji karatasi ya kusafiria ili atoke mkoa mmoja wa nchi yake kwenda mwingine. Halafu waligombana wao kwa wao juu ya rangi ya lango la uwanja wa Kirumba, na sisi tukalifuta lango.

Vijana hawakusahihisha kitu. Waliuliza swali moja, karibu wote: binti anamsubiri mvulana wa Bukoba kwa wiki saba bila kujua kama barua imefika, kwa nini hakupiga simu? Mwandishi alikuwa ameshaandika sentensi ya kujibu: "Siku zile hakukuwa na simu za mkononi." Ilikuwa ukurasa wa kwanza kabisa. Vijana waliisoma, wakaielewa, na bado wakauliza.

Sentensi ile ilikuwa inamwambia msomaji kitu ambacho mhusika hawezi kukisema. Hakuna msichana wa 1995 aliyeona pengo la simu ya mkononi. Aliona kwamba simu ipo ofisini kwa mtu, kwamba huko Bukoba lazima mtoto atumwe kumwita anayetakiwa, kwamba pesa inakwenda wakati anaitwa, na kwamba mwenye ofisi anasikia kila neno. Tukaifuta sentensi, na mwandishi akaandika tukio ambamo binti anapata simu kweli. Anasubiri huku karani anamenya njugu, anasikia upande wa pili mlango ukifunguliwa na kuku wakifukuzwa, halafu sauti ya mtu mzima isiyo ya mvulana inauliza, "Nani mwenzangu?" Anakata. Wasomaji vijana wa awamu iliyofuata hawakuuliza tena.

Hapo ndipo nilipoona kazi ya mswada huu ilikuwa wapi muda wote. Wakati ule unapatikana kwenye urefu wa kusubiri: ni nani anajua nini, amekijua lini, na kimemfikia kwa mkono wa nani. Tulipitia tena mswada tukiuliza swali hilo kwa kila habari. Barua ziliwekwa siku halisi za safari. Matokeo ya mtihani yakawa karatasi iliyobandikwa ukutani shuleni, ambayo mtu aliyeifikia kwanza anarudi mtaani akiwa na majina ya wenzake kinywani na uwezo wa kuyatoa au kuyabana.

Meli

MV Bukoba ilizama asubuhi ya Jumanne, 21 Mei 1996, ikitokea Bukoba kupitia Kemondo, ikiwa imeikaribia Mwanza. Ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430 na ilibeba wengi kuliko hao, mamia walikufa. Kwa saa kadhaa ilielea tumbo juu na watu walio hai ndani. Ilipotobolewa ili waokolewe, hewa ilitoka na meli ikazama moja kwa moja.

Mwandishi alitaka kumaliza kitabu ndani ya meli. Sikukubali, na huu ndio mvutano mkubwa tuliowahi kuwa nao. Hoja yake: kila mtu wa Kanda ya Ziwa anabeba siku ile, na kitabu kinachokwenda hadi Mei 1996 bila kuingia ndani kitaonekana kimeogopa. Hoja yangu: alikuwa nchi kavu. Hakujua ndani kulikuwaje, waliojua wachache wako hai, na kitabu chenye maumivu yake kinakwenda kuazima maumivu makubwa zaidi ili kipate mwisho.

Suluhisho lilitoka kwake, kutoka kwenye lile swali la habari na mikono. Watu walikuwa wakimpa barua abiria wa meli, kwa sababu ilifika haraka na bila stempu. Binti, aliyemaliza kidato cha nne na sasa yuko nyumbani akisubiri kuchaguliwa, ameambiwa kwamba jibu la mvulana atakuja nalo mama fulani mfanyabiashara wa ndizi, wiki hii, kwa meli. Hajui ni siku gani. Hajui kama mama yule alipanda. Orodha ya abiria haimsaidii, maana wengi walipanda bila kuandikwa. Na hawezi kumuuliza mtu yeyote, kwa sababu mji mzima unatafuta watu, na yeye anatafuta karatasi.

Aibu ya kutafuta karatasi ndiyo inayobeba sura za mwisho. Yuko bandarini kati ya wanaolia na hawezi kusema anamtafuta nani. Baba yake, fundi, anarudi usiku haongei. Makaburi ya Igoma, walikozikwa watu wa meli, yanaonekana mara moja tu, kwa mbali.

Kilichotoka

Kitabu kimechapishwa na mchapishaji mdogo, na kinasomwa zaidi na watu wa rika la mwandishi na watoto wao. Ndugu aliyeomba maneno ya msibani yatolewe amekinunua na kuwapelekea wengine. Manusura mmoja wa meli alimwandikia mwandishi ujumbe mrefu ambao hajanionyesha, na sikuomba.

Kosa moja lilitupita sote: binti analipwa chenji ya sarafu ya shilingi 200 mwaka 1996, na sarafu hiyo ilianza 1998. Barua za wasomaji juu ya sarafu hiyo ni nyingi kuliko juu ya jambo jingine lolote kitabuni.

Kilichofanya kazi na kilichoshindikana

Kalenda ilifanya kazi, na ningeianza kabla ya mswada wa kwanza kwa mwandishi mwingine yeyote. Ubora wake haukuwa usahihi tu. Ilipolazimisha matukio yakae mbali, ilifungua nafasi katikati, na ndani ya nafasi hizo mwandishi alilazimika kuwapa watu wake maisha ya kawaida. Mgawanyo wa wasomaji ulifanya kazi pia, ila kwa namna tusiyoitegemea: wenye kumbukumbu walitengeneza vitu, wasio na kumbukumbu walitengeneza hadithi.

Kwenda kwa ndugu mapema kulisaidia kwa sababu sura zilikuwa bado zinaweza kubadilika. Mwandishi anayepeleka kitabu kilichokwisha kuchapishwa anapeleka taarifa tu.

Kilichoshindikana ni baba. Mwaka 1995 anamshabikia Mrema, kama walivyofanya wengi: waziri aliyeondoka serikalini mwaka uleule, akahamia NCCR-Mageuzi, na umati ukawa unasukuma gari lake. Mkapa alishinda kwa asilimia 61.8. Mwandishi anajua hivyo, anajua pia NCCR ilivyosambaratika baadaye, na baba amechorwa na mkono unaojua. Anasema mambo makubwa mno, anasikika mpumbavu kabla hajashindwa. Kwa binti tuliweza kuufuta ujuzi wa baadaye kwa sababu mwandishi alikuwa na kaunta buku yake na kikombe cha bluu. Kwa baba hakuwa na karatasi yoyote, alikuwa na maoni tu. Tulijaribu kupunguza hotuba zake, zikawa fupi na bado za kipumbavu.

Sasa toleo la pili linaandaliwa. Sarafu itarekebishwa kwa neno moja. Kwa sura za baba, mwandishi ameanza kwenda kukaa na wazee wawili waliokuwa mafundi bandarini na mashabiki wa upinzani mwaka ule. Hawaulizi walikuwa na maoni gani. Anawauliza asubuhi ile ya Jumapili walivaa nini, walimkuta nani kwenye foleni, na nani aliwaambia kwanza matokeo.